Kitanda Kilichotoka Bwawani

Bi Thoa alizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na sauti nzuri. Roho mbaya hakuwa nayo, ila roho yake ilikaa nyuma ya pua, na pua ndiyo iliyotangulia kufika kila mahali. Alichukia vikombe vya chai vya majirani, vyenye utando wa kahawia ndani usiosuguliwa tangu enzi za babu zao. Alichukia watu wanaotema mate kwenye mfereji uleule wanaooshea mboga. Alichukia damu mbichi ya bata iliyogandishwa kwenye sahani, wanayoila wanaume karamuni huku midomo ikiwa myekundu, na kila alipowaona aligeuza uso na kusema kwa sauti ya kusikika, "Nguruwe naye akipewa meza atakula hivyohivyo." Miaka yote ya kazi aliimalizia katika kiwanda cha nguo mjini Nam Dinh, amesimama mbele ya vitambaa vinavyopita, akitafuta kasoro: uzi uliokatika, doa la mafuta, unywele wa mtu. Alipostaafu alirudi kijijini na macho yaleyale, na kwa kuwa vitambaa havikuwepo tena, akaanza kukagua watu.

Kilichomwingiza katika useremala ni kabati. Alilinunua dukani baada ya kufiwa na mumewe, kabati jeupe, linang'aa, milango inafunga bila kelele. Ukaja ule msimu wa mwezi wa pili ambao kijijini kwao kila mtu anaujua na kuulaani, ambapo mvua haishuki bali inaning'inia tu hewani, sakafu inatoka jasho, kuta zinalia, na nguo zilizofuliwa zinanuka kabla hazijakauka. Kabati likavimba kama maiti ya mtoni. Siku moja Bi Thoa alitia mkono nyuma ya nguo zake za msiba akagusa kitu laini, chenye baridi. Akakichomoa. Kilikuwa uyoga.

"Uyoga!" alipiga kelele mpaka jirani yake, Bi Luyen, akaja mbio akidhani ni nyoka. "Uyoga umeota kabatini mwangu! Kwenye nguo za msiba!"

"Unalika, dada?" Bi Luyen aliuliza, maana alikuwa mwanamke wa mzaha.

Bi Thoa alilikokota kabati hadi uani akalipasua kwa jembe, na ndani hakukuta mbao. Alikuta vumbi la msumeno lililogandishwa kwa gundi. "Takataka za seremala," alisema, akalitemea mate lile rundo. "Wamezifagia, wamezipaka poda, wametuuzia."

Angeweza kununua samani za mbao za kweli kama walivyofanya matajiri wa kijiji, lakini hizo nazo zilimtia kichefuchefu. Nyumba baada ya nyumba walikuwa wamejaza makochi ya mbao mazito kama majeneza, yamechongwa majoka na matawi na mashada ya zabibu, na kila tundu la joka lina vumbi na punje ya wali ya mwaka juzi. Ukikaa, zabibu zinakuchoma mgongoni. Basi akanunua randa, msumeno na patasi, akaanza kujifundisha mwenyewe. Alitazama video kwenye simu. Alikwenda kijiji cha maseremala akasimama nje ya uzio wao akijifanya anamsubiri mtu.

Kiti chake cha kwanza kilicheza kama mlevi. Bi Luyen alikikalia, kikamyumbisha huku na huku.

"Dada Thoa, hiki ni kiti au farasi?"

"Kiti. Kinawatupa wenye makalio ya umbea."

Lakini mkono ulikuja. Baada ya viti likaja benchi, baada ya benchi meza, kisha kasha la mchele ambalo panya walilizunguka wakakata tamaa. Misumari hakutumia, alichonga ulimi kwenye ubao huu na tundu kwenye ule, akavipigilia pamoja kwa vijiti vya mwanzi. Vanishi hakutaka hata kuisikia. Alisema ukiona ubao umepakwa vanishi nzito, ujue kuna kidonda chini yake. Watu walikuja kutazama, wakasifu, wakaondoka haraka kabla hajawatazama wao.

Nyumba ile ikajaa samani safi na ikabaki tupu. Mwanawe wa pekee, Khoi, alikuwa mjini akitengeneza viyoyozi, anarudi siku za mwisho wa juma, anakula, analala, anaondoka. Ndipo akamleta Mien, binti wa mjini anayeuza dawa dukani, mpole, mwenye vidole virefu visivyojua jembe. Bi Thoa alimkagua tangu kisigino mpaka utosini asipate uzi uliokatika, na hilo lilimtia wasiwasi. Walipozungumzia watakapokaa baada ya harusi, Mien alisema, "Tutakaa hapa na mama. Tujaribu."

Tujaribu! Neno hilo lilimkaa Bi Thoa kooni kama mwiba wa samaki. Watu hujaribu viatu. Alijua maana yake: mwezi mmoja, miwili, halafu chumba cha kupanga mjini, halafu mjukuu anayeletwa sikukuu ya mwaka mpya akiwa amevaa koti na hataki kubebwa. Alimtaka msichana yule akae. Alitaka kusikia mtu mwingine akikohoa ndani ya nyumba ile. Hakujua namna ya kulisema hilo, kwa hiyo aliamua kujenga kitanda.

Mbao zilikuwepo. Khoi alipozaliwa, baba yake alipanda nyuma ya jiko mstari wa miti ya xoan, kama wafanyavyo akina baba wa huko, ili mtoto akikua apate mbao za kuanzia maisha. Xoan ni ndugu wa mwarobaini, mchungu vilevile, lakini ukiutumia mbichi wadudu wanautoboa mpaka unakuwa kichungi. Dawa yake ni moja tu, na kila mtoto wa kijiji anaijua: unaukata, unauzamisha kwenye tope la bwawa mwaka mzima, tope linafyonza utamu wote wanaoupenda wadudu, ndipo unautoa. Bi Thoa alikuwa ameikata miti siku Khoi alipolitaja jina la Mien kwa mara ya pili, akaizamisha, na sasa mwaka ulikuwa umetimia.

Bwawa lenyewe, tusifichane, ni bwawa. Bata wanakunya humo. Maji ya kuoshea zizi la nguruwe yanaishia humo. Majani yanaoza chini, na chini ya majani kuna tope jeusi ambalo likichokorwa linatoa mapovu. Mti uliokaa mwaka mzima ndani ya tope hilo ukitolewa, unanuka yai viza, panya aliyefia ukutani, na kitu cha tatu ambacho hakina jina. Watu hupita mbali. Ndiyo maana mbao za bwawani husuguliwa, zikasimamishwa ukutani miezi kadhaa, jua na upepo viile harufu ile mpaka iishe. Anayezitumia kabla ya hapo ni mwendawazimu, na Bi Thoa alilijua hilo kuliko wote.

Ila babu yake Mien aliugua. Alilala ghafla, akakataa uji, daktari akatikisa kichwa. Mila ya huko haina huruma kwa wachumba: mzee akifa, nyumba inaingia msibani na harusi inasogezwa mbele mpaka msiba uishe, na msiba wa kwao si wa siku arobaini. Kwa hiyo wazazi hukimbizana na kifo. Familia mbili zilikaa, zikanywa chai, zikaamua harusi iwe mara moja, mwezi wa pili, katikati ya ule msimu ambao kuta zinalia.

Bi Thoa alikwenda dukani. Aligonga ubao wa kichwani wa kitanda kimoja kizuri kwa kifundo cha kidole, akasikia sauti ya vumbi, akatoka bila kuaga. Akarudi nyumbani, akakunja suruali, akaingia bwawani.

Siku ya kwanza alitapika. Alifunga barakoa mbili na bado alitapika. Alisugua mbao kwa chokaa, akazisugua kwa mchaichai uliopondwa, akazimwagia pombe ya mchele mpaka bata wa Bi Luyen wakaja kulewa. Jua halikutoka. Alizipasua, akazipiga randa, akazichonga, anakula karibu nazo, anasinzia karibu nazo. Siku ya tatu alifunga barakoa moja. Juma lililofuata hakufunga yoyote. "Inatoka," alijiambia kwa furaha, akinusa ubao kama mtu anavyonusa tikiti sokoni. "Harufu inatoka."

Haikuwa inatoka. Pua ndiyo iliyokuwa imechoka ikafumba macho. Mtu akikaa na uvundo mchana kutwa na usiku kucha, uvundo unakuwa hewa yake, na hewa haina harufu. Yule mwanamke aliyeweza kunusa kitambaa kichafu cha vyombo kutoka nyumba ya tatu alikuwa hanusi tena kilichokuwa chini ya pua yake. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na wangeongeza kwamba halinusi pia.

Kitanda kilikuwa kizuri, hilo asinyimwe. Kipana, kimesimama imara, viungo vimebana hata karatasi haipiti. Lakini mbao zilikuwa na michirizi myeusi ya tope iliyogoma kutoka, na kwa ajili hiyo tu, na kwa ajili ya harusi tu, Bi Thoa alinunua vanishi. Akapaka. Haikukauka kwa sababu ya unyevu. Akapaka tena juu yake. Akili yake ilimwambia kwamba hata kama kuna harufu kidogo imebaki, vanishi itaifungia humo. Huyo ndiye aliyesema mambo ya kidonda.

Khoi alikuja kutoka mjini, akasimama mlangoni mwa chumba, akarudi nyuma hatua moja.

"Unakionaje?" mama yake aliuliza.

"Kizuri, mama."

"Kizuri tu?"

"Kizuri sana. Kikubwa." Alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono.

"Una mafua?"

"Mafua, mama. Hali ya hewa hii."

"Kunywa tangawizi. Sitaki bwana harusi anayechuruzika kamasi mbele ya wakwe."

Kesho yake alikuja Bi Luyen kutandika mikeka. Kitanda cha maharusi hakitandikwi na yeyote tu. Hutafutwa mwanamke mwenye mume hai, mwenye watoto wa kiume na wa kike, mwenye ndoa yenye amani, ili bahati yake ibaki kitandani. Mjane haruhusiwi hata kukigusa siku hiyo, kwa hiyo Bi Thoa alisimama nje ya mlango akitazama. Bi Luyen, ambaye kwa kawaida hawezi kutandika hata meza bila kusimulia habari za kijiji kizima, aliingia kimya, mashavu yamevimba kama mtu aliyezamia majini. Alitandika mkeka wa kwanza. Alitandika wa pili juu yake. Akatoka mbio, akaegemea mtungi wa maji, akavuta pumzi ndefu.

"Vipi?" Bi Thoa aliuliza.

"Kitanda cha kifalme, dada. Mikono yako imebarikiwa."

"Kaa unywe chai."

"Chai? La, la. Nimeacha sufuria motoni."

Bi Luyen kukataa chai! Bi Thoa alimtazama akitokomea na kusema moyoni, wivu. Kanunua kochi la majoka kwa fedha zote zile, sasa ameona kitanda cha kweli na wivu unamkaba. Alimdharau kidogo, akalala vizuri.

Harusi ikapita kama harusi zinavyopita, kwa kelele na mabakuli machafu. Babu aliyekuwa anakufa alipata nafuu kesho yake akaagiza ile damu ya bata, na Bi Thoa aliposikia hakujua acheke au atapike. Lakini furaha yake ilikuwa nyingine. Asubuhi, alimkuta bibi harusi karibu na mtungi, ameinama, anatapika.

"Umekula nini, mwanangu?"

"Hamna kitu, mama. Tumbo tu."

Siku iliyofuata Mien alitapika tena. Hakuweza kumeza wali. Alikuwa mweupe kama karatasi. Bi Thoa alianza kuhesabu, akapata jibu, akachukizwa: hawa wameanza mapema, kabla hata trei za posa hazijaletwa! Halafu chuki ikageuka polepole ikawa kitu kitamu. Mjukuu. Mwenye mimba hakimbii kwenda kupanga chumba mjini. Alichemsha uji wa kambale na tambi mbichi, akausimamia mpaka binti akaumaliza, na binti akaurudisha wote nyuma ya banda la bata.

"Mnalala vizuri?" Bi Thoa alimuuliza akijifanya hajaona.

"Vizuri sana, mama. Asante."

"Na kitanda?"

Mien alitabasamu kwa midomo tu. "Kinanukia mbao, mama. Kizuri."

Baada ya hapo maharusi walikwenda kuwasalimu wazazi wa bibi harusi, kama ilivyo ada, wakichukua kuku na wali wa kunata. Jioni Khoi alirudi peke yake. Mien amebaki kumwangalia babu, alisema. Siku zikapita, babu akawa anatembea mpaka sokoni, na Mien bado anamwangalia. Khoi naye alianza kulala mjini, kazi nyingi. Bi Thoa alikaa katikati ya samani zake akisikiliza kuta zinavyodondosha maji, akajua kwamba chumba kimeshapangwa, pengine na ndoo zimeshanunuliwa. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na hofu ya kitoto. Alimpigia simu mwanawe. "Njoo unichukue. Naenda kumleta mke wako."

Mama yake Mien, Bi Hoan, alimpokea kwa mikono miwili. "Mkwe wangu, karibu, karibu ndani, pole na mvua." Nyumba ilikuwa safi, Bi Thoa aliikagua kwa jicho moja na hakupata la kusema. Madirisha yote yamefungwa, milango imefungwa, sakafu kavu, kama inavyopaswa msimu ule, maana ukifungua hata upenyo unyevu unaingia na nyumba nzima inatoka jasho. Akakaa. Chai ikaletwa. Mien akaja akamsalimu kwa adabu, akakaa mbali, karibu na mlango wa jikoni.

Halafu Bi Hoan akainuka akafungua dirisha.

Bi Thoa alishangaa. Kidogo baadaye mwenyeji akafungua la pili, akawasha ubani, kisha mwingine, akahamisha kiti chake upande wa pili wa meza. Sakafu ilianza kung'aa. Vigae vikatoka matone. Mwanamke gani huyu, Bi Thoa aliwaza, anayefungua madirisha msimu wa jasho? Uvivu ninaujua, ujinga huu sijauona. Lakini alikuwa amekagua vitambaa miaka mingi mno asione mkono wa mwenyeji unaopita karibu na pua kila baada ya maneno mawili. Akachungulia nyayo za viatu vyake alivyoviacha mlangoni. Vilikuwa safi.

"Mkwe," alisema, "mbona unafungua? Sakafu inalowa."

"Aa, hewa kidogo tu. Joto."

"Joto gani? Mimi nimevaa sweta."

Bi Hoan alicheka kicheko kisicho na kitu ndani, akaanza kumimina chai kwenye kikombe kilichojaa. Khoi alitazama dari. Ndipo Mien akasimama, vidole vyake virefu vimeshikana.

"Ni wewe, mama. Ni harufu."

"Mien!" mama yake alimkemea.

"Iko kwenye nguo zako, mama, kwenye nywele. Inatoka kwenye kitanda. Kitanda kinanuka bwawa. Tangu siku ya kwanza. Sina mimba, mama. Natapika kwa sababu ya kile kitanda. Nisamehe."

Bi Thoa alinusa kiganja chake. Hakusikia kitu. Alinusa mkono wa sweta. Hakusikia kitu. Aliwatazama mmoja mmoja, na nyuso zao zilikuwa na alama ileile, pua imekunjika kidogo, midomo imebanwa, macho yanatafuta pengine pa kukaa. Aliitambua. Ndiyo sura aliyokuwa akiwatazama nayo watu maisha yake yote. Hakuwahi kujua inavyouma upande huu.

Bi Hoan, mwanamke mwema, alimfanyia kitu ambacho Bi Thoa hakukisahau: hakumfariji. Alichemsha sufuria kubwa ya mashina ya giligilani iliyokomaa, ile waogeayo watu siku ya mwisho wa mwaka, akamwingiza bafuni, akamkabidhi nguo zake mwenyewe, na zile za mgeni akazifunga kwenye mfuko wa plastiki, akafunga na mfuko wa pili juu yake. Mvua ikaendelea, Bi Thoa akalala huko, na kesho yake pia. Alizungumza kidogo. Alimsaidia babu kuvaa soksi.

Waliporudi, Khoi aliwapakia wote wawili kwenye pikipiki. Mien alisema anakwenda kuchukua nguo zake, na hakuna aliyemuuliza nguo hizo zinakwenda wapi.

Harufu ilimpokea Bi Thoa uani kabla hajafungua mlango. Mwanzoni aliwaza kwamba bata amekufa. Kisha akafungua, ikamjia usoni yote kwa pamoja, yai viza, panya, na kile cha tatu kisicho na jina, na juu yake vanishi tamu inayonata, kama manukato yaliyomwagwa juu ya maiti. Alifika mpaka mlango wa chumba. Mikeka ya bahati ilikuwa imegandia kwenye vanishi na pembeni imeota ukungu wa kijani. Alirudi mbio nje akainama karibu na mtungi, akatapika chai, akatapika wali, akatapika maji ya njano. Mien alimshika mabega akamsugua mgongo.

"Mlilala humo," Bi Thoa alisema alipopata pumzi.

"Baadaye tulilala sakafuni, mama."

"Sakafuni? Na maji yale?"

"Sakafu ilikuwa afadhali."

Alimgeukia mwanawe. "Na wewe ulijua."

"Nilijua tangu nilipokiona."

"Mafua! Ukaniambia mafua! Kwa nini hukusema, mtoto wewe? Mimi ni mama yako!"

Khoi alivua kofia ya pikipiki, akaishika kwa mikono miwili. Hakuwa kijana wa kujibu. "Mama, nani amewahi kukwambia kitu katika nyumba hii? Nilikwambia mara moja kwamba wali umeungua, ukanitazama vile, ukanyamaza mpaka mwaka mpya. Hata baba alikuwa anasema kila kitu kizuri, halafu anakuja kuniambia mimi nyuma ya jiko."

"Baba yako? Kukwambia nini?"

"Mambo tu."

"Mambo gani?"

"Ule mchuzi wa samaki wa Jumapili. Aliuchukia, mama."

Bi Thoa alijipangusa mdomo. Aliupika mchuzi ule kila Jumapili tangu alipoolewa, kwa kuwa mumewe aliusifu. Hata sasa anaupika siku ya kumbukumbu ya kifo chake na kuuweka madhabahuni, bakuli limejaa, mbele ya picha yake. Alijiona kwa macho ya wale wote waliokuwa wakimkimbia kwa tabasamu, na kinyaa alichokuwa akiwagawia watu kwa miaka kikamrudia chote, akajichukia. Akakaa chini pale pale, kwenye matope ya uani, na nguo za mkwe wake.

Hakulia. Akainuka, akaingia stoo, akatoka na nyundo ya mbao.

Kitanda kisicho na misumari hufunguka upesi kwa anayejua vijiti viko wapi. Aligonga cha kwanza, kikatoka kwa upande wa pili. Mikeka aliibandua kwa nguvu, ikachanika. Khoi alibeba miguu ya kitanda mpaka ukutani, nyuma ya jiko, akaisimamisha mahali ambapo jua likitoka litaipata. Mbao ndefu za ubavuni zilimshinda mtu mmoja. Bi Thoa alishika ncha moja, akageuka kumtafuta mwanawe, akamkuta Mien mlangoni, amejifunga kitambaa puani mpaka machoni, mkoba wa nguo zake uko miguuni.

"Mien," Bi Thoa alisema bila kumtazama. "Utakaa hapa, au mmeshapata chumba?"

Ungeweza kuona ndani ya macho ya binti jibu la adabu likipanda, lile zuri, lile la kila mtu. Halikutoka.

"Sijui bado, mama," alisema. "Kweli sijui. Nakuogopa."

Bi Thoa alifungua mdomo. Kwa muda wote aliouishi palikuwa na neno tayari hapo, kali, lenye mwiba, na sasa pia lilikuwepo. Alilimeza. Lilishuka vibaya.

"Sawa," alisema. "Shika upande huo."